Pete ya Risasi

Kazi yangu mimi ilikuwa kupuliza vioo.
Kazi yake Eteri Burduli ilikuwa baridi.
Alinishukia ghorofa ya chini, mwaka wa sitini na saba,
theluji ya Tbilisi ikimyeyukia mabegani,
akasema: Vazha, nitengenezee chupa ya kuta mbili,
na kati ya kuta pasiwe na kitu,
hata pumzi yako.

Nikacheka. Mpuliza vioo asiache pumzi?
Zilipasuka kumi na nne. Ya kumi na tano ikashika.

Moto huzaa majivu, hilo nilijua tangu utoto.
Baridi huzaa nini, nilikuwa sijaambiwa.
Humo alimimina heliamu,
kioevu ambacho jicho hukikosa mara mbili kabla ya kukiona,
akatumbukiza pete ya risasi, nene kama kidole gumba,
akaiamshia mkondo kwa sumaku,
kisha akaondoa sumaku, akaondoa kila kitu.
Mkondo ukabaki.
Ukazunguka bila betri, bila wa kuusukuma,
na nje ya kioo sindano ya dira ikageukia pete
kama mbwa aliyesikia nyayo za bwana wake.

Alinieleza mara moja tu, tukila mkate na jibini:
kwenye joto elektroni hugombana,
zinagongana, zinakwaruza njia, ndiyo maana pasi huchoma.
Baridi ikikaza, zinashikana mbili mbili,
na hakuna tena wa kumkanyaga mwenzake.
Na wewe? nikamuuliza, maana hakuwa na mume.
Akakusanya makombo kiganjani.
Mimi ndiye ninayezihesabu.

Mwaka wa themanini na saba dunia nzima ikalewa vigae:
udongo uliookwa, uliopitisha umeme bila ukinzani
kwenye naitrojeni, rahisi kama maziwa.
Vijana wakamhama. Naye akaoka chake, asionekane mkaidi.
Kizuri hutoka cheusi; chetu kilitoka kijani kama chura.
Akakiweka chini ya birika la chai, kikafaa sana,
akarudi kwenye risasi yake.

Kisha risasi nyingine zikaja.
Barabara kuu iliungua wiki mbili,
na baada yake umeme ukawa mgeni wa saa moja,
halafu mgeni asiyekuja.
Mtambo wa heliamu ulinyamaza.
Pete ilikuwa imezunguka siku mia nne na kumi na moja.

Alikaa nayo, koti juu ya koti, mshumaa kwenye kikombe.
Hakulia; nilikuwapo, ningeona.
Heliamu ilipanda mvuke, ikaondoka kama wageni wa msibani,
mmoja mmoja, kisha wote kwa pamoja.
Saa tisa na dakika ishirini usiku
sindano ikaruka.
Daftari ninalo. Aliandika kwa penseli, wino ulikuwa umeganda:
*Kelvini saba nukta mbili. Sindano imerudi kaskazini.
Mjini hapakuwa na umeme. Ulikuwa hapa.*

Mimi vioo vya maabara nikavifanya chemni za taa,
nikauza sokoni karibu na stesheni, chini, juu ya gunia.
Alikuja kununua moja. Nikakataa pesa.
Akasimama hapo na foleni nyuma yake
mpaka nikapokea bei kamili.

Amekufa. Pete waliniletea ndani ya soksi.
Nimeipima jikoni: gramu mia tatu na kumi,
kijivu, na kucha ikiigusa inaacha alama.
Mpwa wangu anavua mtoni Mtkvari, anaitaka,
aiyeyushe, apate chubwi kumi za mshipi.
Risasi ni risasi, mjomba.
Kweli, namjibu. Njoo Jumamosi.

Hii ni Jumamosi ya tatu
namwambia sijui nimeweka wapi ufunguo wa kabati.